Raundi ya kwanza isikumalize

Ukifanya raundi 4 za kukanyaga kwa nguvu, dakika 4 kila moja, kwenye baiskeli ya mazoezi ya ndani, tafadhali usiichape ya kwanza kana kwamba ndiyo ya mwisho. Pasha mwili dakika 10 kwanza. Miguu ikiwa bado na nguvu mpya hudanganya. Tena usifukuze mapigo ya moyo katika dakika ya kwanza: moyo huchelewa kupanda, nawe utakaza pedali kupita kiasi, kufika dakika ya 3 mapaja yanawaka moto.

Mimi huanza na nguvu ninayojua nitaimudu hadi raundi ya nne. Kama baiskeli inaonyesha wati, yaani kipimo cha nguvu unayokanyagia, shika namba moja, tuseme 180, usiiache iruke. Haionyeshi? Sikiliza pumzi: mwisho wa raundi uweze kutamka maneno mawili matatu tu, si sentensi nzima.

Kati ya raundi moja na nyingine, kanyaga polepole dakika 3, usisimame kabisa. Feni iwe mbele yako, maana joto hupandisha mapigo hata kama hujaongeza kasi. Nguvu ikibaki, imalizie kwenye raundi ya mwisho.