Kumvika mpagazi wa Tendaguru: kazi ya kufanya kabla ya kushika brashi

Wanaoniagiza sanamu ndogo za wapagazi waliobeba mifupa ya dinosaria mara nyingi hutaka kitenge cha rangi kali na kandambili miguuni. Vinapendeza kwenye rafu, ila mpagazi wa 1909 hakuvaa hivyo. Hapa naeleza ninavyotafuta nguo zake. Sanamu ni ya mti laini, urefu sentimita 8.5, yaani mtu wa sentimita 170 aliyepunguzwa mara 20.

Hatua ya 1: Mwaka, mahali, cheo

Usianze na "mtu wa zamani". Wajerumani walichimba mifupa hiyo Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, na kazi ilifanyika kiangazi. Kwa hiyo nguo ziwe na vumbi, matope yaache. Tena vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907 na kuacha njaa kusini nzima. Ukimvika kila mtu nguo mpya, mimi sitakuamini.

Kisha amua ni nani. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, si wa kuvikwa sawa na kijana aliyeweka begani ncha ya mzegazega, yaani mti wa kubebea mzigo.

Hatua ya 2: Picha

Hapa ndipo pa kutumia muda. Makumbusho ya elimu ya viumbe ya Berlin yana picha za uchimbaji ule, na baadhi zinapatikana kwenye intaneti. Ongeza picha za Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906. Angalia tarehe kwa jicho kali: Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924, na picha za misafara hiyo miwili huchanganywa ovyo mtandaoni. Picha isiyo na mwaka iweke kando, hata ikiwa nzuri namna gani.

Ukishazipata, usitazame rangi kwanza. Tazama fundo: nguo imefungwa kiunoni au imepitishwa begani? Inaishia gotini au chini yake? Kichwani kuna kofia, kilemba, au ngata ya kubebea mzigo? Chora penseli mikunjo unayoiona. Jambo likionekana kwenye picha moja tu silichukui; nataka nilione walau kwenye picha tatu za watu tofauti. Na mtu aliyepangwa mstari mbele ya kamera huenda kavaa nguo yake ya sikukuu. Picha aliyopigwa akiwa njiani na mzigo ina thamani zaidi.

Sasa mtego mkubwa. Sahani za kupigia picha za wakati ule hazikuiona vizuri rangi nyekundu, ila bluu ziliipokea sana. Matokeo yake nyekundu hutoka karibu nyeusi, na bluu hutoka nyeupe-nyeupe kuliko ilivyo. Nguo inayoonekana nyeusi tii pichani inaweza kuwa nyekundu, na ile ya kijivu chepesi ikawa kaniki, kitambaa cha pamba cha bluu nzito, iliyofuliwa mara nyingi. Kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe inakupa umbo. Rangi itafute kwingine.

Hatua ya 3: Nguo yenyewe mkononi

Nenda dukani ukanunue kipande cha kaniki na kipande cha marikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Hizi mbili zilivaliwa sana pwani na bara karne ya 19, na bado zinauzwa. Kata kila kipande katikati, nusu moja ihifadhi, nyingine ifue na kuianika juani mara kadhaa. Kaniki huanza karibu nyeusi, kisha bluu yake hujitokeza kwenye mikunjo na kingo. Marikani mpya ina umanjano wa ufuta uliomenywa. Nyeupe ya karatasi ni kosa ninaloliona kila mara.

Vikunje vipande hivyo kama kwenye mchoro wako na uvitazame asubuhi, jua likiwa upande.

Hatua ya 4: Vipimo

Gawa kwa 20. Mstari wa sentimita 1 kwenye kikoi unakuwa nusu milimita. Unachorwa kwa brashi nyembamba. Nyuzi za kitambaa hazionekani kabisa, usijisumbue nazo.

Hatua ya 5: Jaribio

Changanya rangi juu ya kibao cha mti uleule wa sanamu, kikiwa kimepakwa praima. Kwa kaniki tumia bluu nzito yenye nyeusi kidogo, kamwe usitumie nyeusi peke yake, maana kwenye sanamu ndogo inameza mikunjo yote. Ikikauka, ilinganishe na kipande ulichofua, kwani rangi za akriliki huwa nzito kidogo zikikauka. Vumbi lije mwisho: rangi ya udongo iliyozimuliwa sana kwa maji, kuanzia nyayo hadi magotini, na kidogo begani pale mti wa mzigo ulipokaa. Vanishi iwe isiyong'aa.