Jinsi ya Kupanga Safari ya Kiangazi Kwenda Svalbard

Svalbard ni funguvisiwa la Norwei lililo katikati ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini, na Longyearbyen, mji wake mkuu, uko kwenye nyuzi 78 kaskazini. Takribani asilimia 60 ya ardhi yake imefunikwa na barafu, na hakuna barabara inayounganisha makazi yake. Ukishatoka mjini huna duka, huna zahanati wala mtandao wa simu, kwa hiyo karibu kila jambo la safari hii huamuliwa ungali nyumbani.

Anza na viza. Norwei haimdai mgeni viza ya kuingia Svalbard kwenyewe, na habari hiyo imewapotosha wengi, kwa sababu ndege za kawaida za abiria huondokea Oslo au Tromsø, miji iliyo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilhali Svalbard iko nje yake. Msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja; mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kufika Longyearbyen na kukosa ruhusa ya kurudi kupitia Oslo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma bima hiyo kwa makini, kisha ukate nyingine inayotaja waziwazi utafutaji na uokoaji huko Svalbard, maana mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Tromsø.

Kuhusu majira, jua halizami Longyearbyen kuanzia takribani tarehe 20 Aprili hadi 23 Agosti. Hata hivyo, mwezi Juni theluji bado inayeyuka na mabonde yamejaa tope, kwa hiyo ninapendekeza Julai au mwanzo wa Agosti kwa anayetaka kutembea kwa miguu. Joto la Julai huwa kati ya nyuzijoto 5 na 8, lakini upepo hulifanya lionekane dogo zaidi. Wanaoswali watafute mapema ufafanuzi wa nyakati za sala kutoka kwa mwanachuoni wanayemwamini, kwani Magharibi haitajulikana kwa kutazama mbingu.

Jambo linalostahili muda wako kuliko yote ni dubu wa aktiki, yaani dubu mweupe wa ukanda wa Ncha ya Kaskazini, ambaye anaweza kutokea mahali popote na wakati wowote wa mwaka. Mwezi Agosti 2020 dubu alimuua mtu kwenye uwanja wa mahema karibu kabisa na Longyearbyen. Sheria inamtaka kila anayetoka nje ya makazi awe na vifaa vya kumtishia na kumfukuza dubu, na ofisi ya gavana inashauri pia kubeba bunduki. Mgeni ambaye hajazoea silaha asijidanganye kwamba atajifunza huko. Namshauri kwa moyo wote aajiri mwongoza wageni mwenye uzoefu, hata kama gharama hiyo itamlazimu kupunguza siku za safari. Tangu mwaka 2025, ni marufuku kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Juni umbali huo ni mita 500.

Kambini, hema huzungushiwa uzi uliounganishwa na fataki zinazolipuka uzi ukiguswa, na chakula hupikwa na kuhifadhiwa mbali na mahali pa kulala. Bado uzi huo hautoshi, hivyo wasafiri hulinda kwa zamu: mmoja hubaki macho, akizunguka mahema na kukagua kwa darubini kila jiwe jeupe kama limesogea. Panga kundi lenye watu wa kutosha, ili zamu zisimchoshe mtu.

Mito nayo ina hatari yake. Maji yanayotoka kwenye barafuto, yaani mito ya barafu inayosogea polepole, huongezeka mchana na kupungua usiku wa manane, hata kama jua lipo, kwa hiyo vuka alfajiri, ukiwa umefungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulitupa ukianguka.

Mavazi yawe ya tabaka, sufu ikigusa mwili na koti lisilopitisha upepo wala maji likiwa juu. Acha pamba, kwa kuwa ikilowa haikaushwi na baridi ile. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro tayari anavyo vingi, na sweta nzuri za sufu hupatikana mitumbani kwa bei nafuu. Ongeza gambuti, na kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala. Beba pia fimbo: buabua wa aktiki, ndege wa baharini, anapolinda mayai yake, hushambulia sehemu iliyo juu zaidi, nawe ukiiinua fimbo juu ya kichwa atadonoa fimbo.

Usichume ua wala kuokota msumari, kwani mimea inalindwa kisheria, na vilevile vitu vyote vilivyoachwa na binadamu kabla ya mwaka 1946.

Mwisho, usikate tiketi ya kuunganisha Oslo siku ileile unayotoka Longyearbyen. Ukungu huchelewesha ndege, kwa hiyo acha walau siku moja ya akiba, na uhakikishe viza yako inaifikia siku hiyo.