Kisima kinanuka petroli? Kague hivi

Mimi ni fundi visima, Mbagala. Mteja wangu mmoja, jirani na kituo cha mafuta, alilalamika chai yake inanuka petroli. Nikateka ndoo: juu utando wenye rangi za upinde wa mvua.

Usilaumu kituo bado. Ukate utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kigae, ni bakteria wa chuma tu. Ukijiunga tena, hayo mafuta. Wake ulijiunga.

Kagua na udongo wa kando ya kisima: utie kwenye chupa ya jamu, funga, anika juani robo saa, fungua mbali kidogo na pua, unuse. Kiberiti marufuku!

Maji ya kupeleka maabara jaza chupa ya kioo pomoni, kisibaki kiputo cha hewa, maana benzini, sumu iliyomo kwenye petroli, huruka. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 za benzini kwa lita, na kiasi hicho pua haikinusi.