Utepe Msituni: Jinsi ya Kusoma Taashira za Wema na Uovu katika Hadithi ya Kimarekani

Wanafunzi wengi wa fasihi huingia darasani na orodha tayari kichwani: nyeupe ni usafi, nyeusi ni uovu, nyekundu ni damu, nyoka ni shetani. Wakipewa hadithi ya Kimarekani ya karne ya 19 wanaipanga ndani ya orodha hiyo kwa dakika tano, kisha wanaona wamemaliza kazi. Waandishi wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, waliijua orodha hiyo kuliko sisi, maana mjini kwao ilikwisha kuwapeleka watu kitanzini. Walichoandika ni kesi dhidi ya orodha yenyewe, na ndiyo maana njia ya kuwasoma inabidi iwe nyingine.

Nitaonyesha njia ninayoitumia kufundisha, kwa hadithi fupi moja: "Young Goodman Brown" ya Nathaniel Hawthorne, iliyotoka mara ya kwanza 1835. Haina tena hakimiliki, inapatikana bure mtandaoni, na inasomeka kwa mkao mmoja.

Hatua ya 1: Soma yote bila kalamu

Kijana Brown wa kijiji cha Salem, Massachusetts, ana miezi mitatu tu tangu aoe. Jua linapotua anamuaga mkewe Faith, jina ambalo kwetu ni Imani. Mke anamsihi asiondoke usiku huo, lakini yeye anashika njia ya msituni. Huko anakutana na mzee anayefanana naye, mwenye bakora mfano wa nyoka mkubwa mweusi. Wakiwa njiani anamwona bibi aliyemfundisha katekisimu akisalimiana na mzee huyo kama mtu wanayejuana siku nyingi. Anasikia sauti za mchungaji na shemasi wakipita gizani. Mwisho anafikia mkutano wa wachawi ambako kijiji kizima kimekusanyika, wacha Mungu pamoja na wahuni, ili yeye na Faith wabatizwe katika uovu. Anampigia mkewe ukelele atazame mbinguni. Hapo hapo kila kitu kinatoweka, yuko peke yake usiku. Anarudi kijijini asubuhi, na tangu siku hiyo hadi kaburini hamwamini tena mtu yeyote.

Usijiulize bado "hii ni ishara ya nini". Weka alama akilini mahali uliposhtuka tu.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja na ukifuate

Chagua kitu kidogo kinachojirudia. Usianze na nyoka. Nyoka anaingia hadithini na mzigo wake wote kutoka kitabu cha Mwanzo, na msomaji anadhani amemwelewa kabla hajamtazama. Hapa kitu kizuri ni utepe wa rangi ya waridi ulio kwenye kofia ya Faith.

Chora safu tatu: kitu kinaonekana wapi, nani anakiona, kinamfanya afanye nini. Kisha rudia hadithi ukijaza.

Mwanzoni utepe unapepea mlangoni wakati Faith anamuaga mumewe. Katikati, msituni, Brown anasikia sauti juu ya wingu linalopita, anadhani ni za majirani zake, na miongoni mwazo ya mwanamke anayelia. Kitu chepesi kinadondoka kutoka hewani, kinanasa kwenye tawi. Anakinyakua: ni utepe wa waridi. Papo hapo anapaza sauti kwamba Faith wake amepotea, na kwamba ulimwengu huu amepewa shetani. Anacheka kama mwendawazimu na kukimbilia gizani. Halafu asubuhi, Faith anamkimbilia barabarani akiwa na furaha, na tepe zake ziko pale pale kwenye kofia.

Soma tena safu ya tatu. Bakora ya nyoka haikumbadilisha Brown. Alikuwa ameanza kuikataa. Mahubiri ya msituni yalikuwa bado. Kilichomvunja ni kipande cha nguo. Rangi yake si nyeupe wala nyekundu, kwa hiyo orodha ya rangi haikusaidii hapa, na nadhani Hawthorne aliichagua kwa makusudi hayo.

Hatua ya 3: Kagua vitenzi vya kuona na kusikia

Wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo moyo wa kazi yote. Pigia mstari kila mahali msimulizi anaposema mtu aliona, alisikia, alidhani au ilionekana kama.

Msimulizi anasema bakora ilikuwa kana kwamba inajinyonganyonga kama nyoka hai, kisha mara moja anaongeza kwamba bila shaka macho yalidanganywa na mwanga hafifu. Mchungaji na shemasi wanapopita, Brown hawaoni hata kivuli chao. Angeweza kuapa, kama jambo hilo lingewezekana, kwamba amezitambua sauti. Penye jiwe la ubatizo, lenye shimo kama beseni, msimulizi anatuuliza sisi: kilichokuwamo ni maji yaliyowekundishwa na mwanga wa moto, au damu, au pengine ndimi za moto ulioyeyuka? Hajibu.

Kila uovu katika hadithi hii unakuja ukiwa umefungwa na "labda". Isipokuwa utepe. Hapo msimulizi haongezi neno la shaka: kijana aliunyakua, akaona utepe wa waridi. Ndiyo sababu wasomaji wengi huukubali kama ushahidi wa mwisho dhidi ya Faith. Na ndiyo sababu asubuhi inauma, kwa kuwa utepe huo huo uko kichwani kwa mwenyewe. Yaani kitu pekee kilichoonekana wazi usiku ule ndicho ambacho mchana unakihoji.

Karibu na mwisho msimulizi anauliza kama Brown alisinzia tu akaota, kisha anatuambia tukitaka iwe hivyo, basi na iwe. Usihangaike kuamua kama ni ndoto. Hapo ni mahali mwandishi amekataa kuamua, na kazi yako ni kueleza kwa nini kukataa huko kunahitajika.

Hatua ya 4: Chimba ardhi ambayo hadithi imesimama juu yake

Salem si mahali pa kubuni. Mwaka 1692 kesi za uchawi zilizoanzia huko ziliwatia kitanzini watu 19, na mzee mmoja, Giles Corey, alikufa akikandamizwa kwa mawe kwa kukataa kujibu mashtaka. Mmoja wa mahakimu alikuwa John Hathorne, babu wa mababu wa mwandishi wetu. Nathaniel, aliyezaliwa mji huo huo wa Salem 1804, ndiye aliyeongeza herufi "w" katika jina la ukoo.

Sasa tazama majina ya wanawake anaowataja hadithini kama wachawi: Goody Cloyse (ndiye bibi wa katekisimu; "Goody" ni kama "Bi"), Goody Cory, Martha Carrier. Wote watatu ni majina ya washtakiwa halisi wa 1692. Martha Corey na Martha Carrier walinyongwa. Sarah Cloyse alinusurika, lakini dada zake wawili, Rebecca Nurse na Mary Eastey, walinyongwa.

Mahakama ile ilikubali ushahidi wa maono: mtu akidai kwamba kivuli cha jirani yake kimemjia usiku kumtesa, dai hilo lilihesabiwa dhidi ya jirani. Wapinzani waliuliza swali moja zito: je, shetani hawezi kujivika umbo la mtu asiye na hatia? Kufikia Oktoba 1692 gavana alikuwa ameivunja mahakama hiyo. Rudi kwenye hadithi ukiwa na swali hilo. Mzee wa msituni amevaa sura ya babu yake Brown, na hilo linasemwa waziwazi. Kama shetani anaweza kuvaa sura ya babu, anashindwaje kuvaa sura ya mwalimu wa katekisimu? Anashindwaje kudondosha utepe?

Kwa hiyo msomaji anayefunga kitabu akisema "kumbe kijiji kizima kilikuwa cha wachawi" ameketi kwenye kiti cha hakimu Hathorne. Ametumia ushahidi ule ule na kuwahukumu wanawake wale wale kwa mara ya pili. Nijuavyo mimi, ni hadithi chache zinazomtega msomaji wake hivi, na zenye haki kubwa hivi ya kumtega.

Kuna tabaka jingine. Brown anaingia msituni akiogopa kwamba nyuma ya kila mti kuna Mhindi Mwekundu wa kishetani. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali kutoka Uingereza walioanzisha makoloni ya New England, waliuona msitu kuwa himaya ya Ibilisi na wenyeji wake kuwa watu wa Ibilisi. Lakini mzee anamweleza habari nyingine. Alimsaidia babu yake alipomchapa mijeledi mwanamke wa Kikweka katika mitaa ya Salem (Wakweka ndio hao wa Kanisa la Marafiki, walioenea sana magharibi mwa Kenya). Ndiye aliyempa baba yake kijinga cha kuchomea kijiji cha wenyeji katika vita vya 1675 na 1676. Uovu ulitoka kijijini ukaenda msituni, ukiwa umebebwa na wacha Mungu. Katika utangulizi wa riwaya yake The Scarlet Letter ya 1850, Hawthorne aliandika kwamba anaibeba aibu ya mababu zake na kuomba laana yao iondolewe.

Mji wa Salem una uhusiano na pwani yetu pia. Katika miaka ya 1830 na 1840 meli za Salem zilitia nanga Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, zikileta kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita merikani. Hawthorne alifanya kazi katika forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849, na utangulizi huo huo unataja meli zinazowasili kutoka Afrika.

Hatua ya 5: Uliza mwovu anafundisha nini, na nani anaondoka nalo

Penye jiwe la ubatizo, shetani ndiye anayetamka kwamba uovu ndio asili ya binadamu. Andika sentensi hiyo pembeni pamoja na jina la msemaji wake. Kisha fuatilia maisha ya Brown baada ya pale. Anamnyakua mtoto kutoka kwa bibi wa katekisimu. Anajikunyata mchungaji anapombariki. Anaamka usiku wa manane na kujitenga na kifua cha mkewe. Anazeeka, anazikwa, anasindikizwa na watoto na wajukuu, na kaburini hawakuandika hata mstari mmoja wa matumaini.

Brown alikataa ubatizo lakini alipokea mahubiri. Hiyo ndiyo picha ya vita kati ya wema na uovu hapa: mtu anaweza kumshinda shetani kwa kinywa na kuishi kwa fundisho lake miaka yote iliyobaki, akiamini kuwa ndiye mwema pekee aliyebaki kijijini.

Hatua ya 6: Andika sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia

"Utepe ni taashira ya usafi" haibishiwi, na haisemi kitu. Jaribu hivi: "Utepe unaonyesha kwamba Brown anaangamizwa na haja yake ya kupata ushahidi, kuliko na uovu wa majirani zake." Mtu anaweza kukujibu kwamba Brown alikwisha kuangamia alipotoka mlangoni, maana alijua anaenda kukutana na nani. Hoja hiyo ina nguvu. Sasa unalazimika kurudi kwenye safu zako tatu kujitetea, na insha inaanza kuwa na uhai.

Hatua ya 7: Ijaribu njia yako kwa mwandishi mwingine

Mwaka 1850 Herman Melville aliandika makala ya kumsifu Hawthorne, akiitaja hadithi hii kwa heshima kubwa na kuzungumzia nguvu ya giza iliyomvuta katika kazi zake. Mwaka uliofuata alitoa Moby-Dick, riwaya ya nahodha anayemwinda nyangumi mweupe aliyemkata mguu, na kuitabaruku kwa Hawthorne. Kitabu ni kirefu. Kwa zoezi hili fungua sura ya 99 tu.

Nahodha Ahab amepigilia sarafu ya dhahabu ya Ekuador kwenye mlingoti, zawadi ya atakayemwona kwanza nyangumi mweupe. Imechorwa vilele vitatu vya milima: kimoja kina moto, kingine mnara, kingine jogoo. Mabaharia wanaitazama mmoja baada ya mwingine. Ahab anaona mnara ni Ahab, volkano ni Ahab, jogoo ni Ahab. Starbuck, mcha Mungu, anaona Utatu Mtakatifu. Flask anahesabu sigara 960 ambazo sarafu hiyo ingenunua. Pip, mtoto aliyepoteza akili baharini, ananyambulisha tu kitenzi cha kutazama: mimi natazama, wewe unatazama, yeye anatazama.

Jaza safu zako tatu kwa kila mmoja wao. Kisha nenda nyuma hadi sura ya 36, Starbuck anapomwambia Ahab kwamba kumlipiza kisasi mnyama asiye na akili ni kufuru, naye Ahab anajibu kwamba vitu vyote vinavyoonekana ni vinyago vya karatasi tu. Mtu anayeona sura yake hata kwenye sarafu ndiye anayedai kujua uovu umejificha nyuma ya kinyago gani, na mabaharia wote watalipia uhakika huo.

Ukitaka zoezi la tatu, chukua The Scarlet Letter, sura ya 12. Kimondo kinapita angani usiku. Mchungaji mwenye siri ya uzinzi anaona humo herufi A, alama ya dhambi hiyo, inayomshtaki yeye, na asubuhi mlinzi wa kanisa anamwambia watu wameiona pia, wakaifasiri kuwa ya malaika ("Angel" kwa Kiingereza), kwa ajili ya gavana aliyefariki usiku ule. Jaza safu zako kwanza, ndipo usonge mbele hadi sura ya 24, ambako mashahidi waliosimama mahali pamoja wanabishana kama kifuani mwa mchungaji palikuwa na alama au hapakuwa na kitu.