Zoezi la kura darasani: waone karatasi yenyewe inavyowavuta

Walimu wenzangu wa uraia huku Kigoma, mkifika kwenye uchaguzi wa uwiano watoto wanasinzia, wanakariri tu kwamba unachagua chama halafu viti vinagawanywa kwa asilimia. Waambieni hapo jirani tu Burundi wabunge wanapatikana kwa orodha za vyama, na hata viti maalum vyetu chama lazima kifikishe asilimia 5 ya kura za ubunge ndo kiingie kwenye mgao. Kisha waacheni wapige kura wenyewe.

Tunga vyama vya uongo, vitano hivi: Dagaa, Kuhe, Mawese, Mgebuka na Mgebuka Asilia. Vya kweli usiguse, utaitwa ofisini. Kila chama kipe ahadi mbili fupi.

Sasa karatasi. Chapa aina mbili, ya kwanza Dagaa yuko juu, ya pili geuza mpangilio wote chini juu, mengine yafanane mpaka ukubwa wa kisanduku cha tiki. Changanya kama karata, gawa bila kusema kitu, halafu hesabu kila aina kivyake. Dagaa akizidi pale alipokuwa juu, hiyo ni kazi ya nafasi, sio sera. Darasa moja linaweza kukudanganya, unganisha mikondo yote.

Hao Mgebuka wawili, wenye majina ya kufanana, ndo penye utamu. Australia 2013, kura ya seneti New South Wales, karatasi ilikuwa na wagombea 110 na nembo hamna, chama kidogo cha Liberal Democrats wakaokota safu ya kwanza kwenye bahati nasibu, wakazoa karibu asilimia 9.5 na kiti wakapata, na aliyeshinda, David Leyonhjelm, mwenyewe alikubali kuna watu waliwadhania ni chama kikubwa cha Liberal. Baadaye nembo zikaruhusiwa. Ila ukichora nembo za samaki, kwenye fotokopi nyeusi ya bei chee dagaa na mgebuka ni kitu kimoja, kwa hiyo mmoja mchoree mtumbwi mwingine karabai.

Muda ukibaki rudieni na jina la kiongozi. Scotland 2007 chama cha SNP kwenye orodha ya mkoa walitanguliza jina la Alex Salmond badala ya la chama, na kwa vile zilipangwa kialfabeti ile A ikawapandisha juu. Uchaguzi huohuo kura mbili, ya jimbo na ya orodha ya mkoa, ziliwekwa karatasi moja, zikaharibika zaidi ya 140,000! Za kwenu zilizoharibika bandikeni ubaoni bila majina, darasa libishane kila moja ilikuwa inataka kusema nini.