Somo: Kabati la jikoni likaguliwe kuanzia chini ya sinki

Wakuu, mteja akifika karakana huwa na picha kwenye simu: milango inang'aa, taa zimefichwa, droo hazina vishikio. Namuuliza, "Ndani kuna bodi gani?" Kimya. Picha haionyeshi ndani, na kabati huanza kufa ndani. Tuanze huko.

Hatua ya 1: Tenganisha sanduku na mlango

Kabati ni sanduku: mbavu mbili, sakafu, mgongo, rafu. Mlango ni nguo tu, ukiuchoka unaubadilisha kwa bisibisi. Sanduku hulibadilishi bila kung'oa sinki na granaiti iliyolala juu yake. Bajeti ikibana, banania kwenye mlango.

Hatua ya 2: Ijue bodi

Bodi za kawaida madukani ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Kwa sanduku mimi natumia unene wa milimita 18.

Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Ni nafuu, na ikivikwa melamini nyeupe, yaani tabaka jembamba gumu la usoni, inapendeza, lakini maji ndiyo adui yake. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa. Haina ufa wala fundo, ndiyo maana milango ya kupiga rangi inatoka humo. Ni nzito, na vumbi lake ni baya, fundi avae barakoa. Ile ya kijani inavumilia unyevu zaidi, ila kumbuka rangi ni alama tu. Kinachovumilia ni gundi iliyomo, na hata hiyo haikutengenezwa iloweke.

Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizopishanishwa: moja nyuzi zake zinakwenda huku, inayofuata inakata kule. Kwa hiyo haipindi ovyo na inashika skrubu vizuri. Nikipewa uhuru, chini ya sinki naweka hiyo, hata kama jiko zima ni MDF.

Omba kipande cha kiganja. Pima unene wake, kitumbukize kwenye ndoo ya maji jioni, asubuhi kipime tena. Chipbodi ya bei ya chini utaikuta kingo zimeumuka kama andazi, ukibonyeza kwa kidole inamomonyoka. Plaiwudi nzuri itakuwa imelowa lakini tabaka zimeshikana. Mbovu inafunguka kama daftari. Ndoo haina shemeji dukani.

Hatua ya 3: Angalia kingo

Uso wa melamini haupitishi maji, kwa hiyo maji huingia pale msumeno ulipopita. Kila ukingo uzibwe kwa utepe wa plastiki (PVC), na siyo ule unaoonekana tu. Mafundi wengi huacha ukingo wa nyuma na wa chini uchi, kwa kuwa mteja hatainama. Inama.

Hili nimelipia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilitoboa tundu la bomba la sinki kwenye mgongo wa kabati, nikaacha ukingo wa tundu mkavu. Miezi minane baadaye mteja akanipigia: sakafu ya kabati imevimba, mlango haufungi. Bomba halikuwa bovu. Ni jasho lake tu, tone kwa tone. Siku hizi tundu lolote napaka silikoni kabla bomba halijapita.

Hatua ya 4: Mtindo

Kuna sanduku lenye fremu ya mbao usoni, na kuna lisilo na fremu, ambalo mlango unafunika mbavu zote. La pili lina nafasi zaidi ndani, lakini linataka vipimo vya kweli, kwa sababu hakuna fremu ya kuficha dhambi.

Milango ya mninga au mkongo isiwe ubao mmoja mpana. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa hiyo hutengenezwa fremu yenye mfereji na paneli inakaa humo bila gundi, icheze. Mtindo wa shaker mnaouona kila mahali ndio huo huo, umerithiwa kwa jumuiya ya kidini ya Marekani iliyopenda vitu visivyo na mapambo.

Hatua ya 5: Vipimo na kufunga

Kimo hadi juu ya meza sentimita 85 hadi 90, kulingana na mpishi. Kina cha meza 60. Kabati la juu kina 30 hadi 35, na liachane na meza kwa 50 au zaidi. Miguu ya plastiki ya sentimita 10 iinue sanduku, maji ya kudeki yasiliguse. Bawaba za kikombe, zile zinazozama nyuma ya mlango, zinataka tundu la milimita 35 lenye kina cha karibu 12, kwa hiyo mlango wa bodi ya milimita 12 sahau.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina ukuta wa mita 3. Bodi ngapi?*

Tufanye masanduku 5 ya sentimita 60, kimo cha 75 bila miguu, kina cha 58. Pasua bodi katikati kwa urefu upate vipande viwili vya upana wa karibu 60.8. Kila kipande kinatoa mbavu 3. Ukipanga vizuri, mbavu 10, sakafu 5, rafu 5 na vibanzi 10 vya juu (viwili vya kuunganisha mbavu za kila sanduku) vinatoka kwenye bodi 3. Ya nne ni ya milango. Mgongo nunua pembeni.

*Fundi, shikamoo. Niliambiwa MDF hailiwi na mchwa.*

Marahaba. Wanaila. Mninga wanauogopa, lakini ni ile sehemu ya ndani yenye rangi. Ile nyeupe ya pembeni wanaitafuna kama kawaida. Muulize fundi kama ameikata.

*Niko Tanga, karibu na bahari. Bawaba zimeota kutu ndani ya mwaka.*

Chuma cha kupakwa hakiwezi hewa ya chumvi. Tafuta bawaba za chuma cha pua, daraja la 304, na uende dukani na sumaku: ikinata kwa nguvu, rudisha.

*Sakafu ya chini ya sinki imeshavimba. Ikikauka itarudi?*

Hairudi, dada. Kata sakafu hiyo, weka plaiwudi iliyozibwa kingo zote. Kama nyumba ni yako na huhami, jenga sehemu hiyo kwa tofali, weka vigae, kisha funga mlango tu mbele. Lakini kabla ya yote weka karatasi kavu chini ya bomba usiku kucha, uone tone linatoka wapi.