Namna ya kupima kama utando wa metali-kauri unavumilia joto

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniletea sampuli sita za utando wa nikeli na alumina (oksidi ya alumini) juu ya shaba, yaani tabaka jembamba la kunasa joto la jua. "Kaka, zote zimevumilia nyuzi 500," akaniambia. Nikamuuliza themokapo yake, yaani waya wa kupimia joto, ilikuwa wapi. Ilikuwa ukutani mwa tanuri, nje ya bomba lenye sampuli. Tukaanza upya, na haya ndiyo niliyomwandikia.

1. Pima kabla ya kuchoma. Pima mwakisiko, yaani kiasi cha mwanga kinachorudishwa na utando, wa nanomita 300 hadi 2500 kwa spektrofotometa, kisha wa infraredi (mionzi ya joto) ya maikroni 2.5 hadi 25, ukilinganisha na kioo cha dhahabu. Weka alama nyuma ya sampuli kwa sindano ili baadaye upime palepale. Usitumie kalamu ya wino, wino huungua na kuchafua. Kipande kimoja kisiingie motoni kabisa.

2. Amua: hewa au ombwe. Utando wa mirija yenye ombwe, kama ile ya mitambo ya umeme wa jua ya SEGS kwenye jangwa la Mojave kule California, ambako mafuta ndani ya mirija yalifikia karibu nyuzi 390, upime ndani ya ombwe. Wa hita ya maji ya juu ya paa isiyo na ombwe, upime hewani.

3. Jua joto la sampuli yenyewe. Hapa nilipoteza karibu mwezi mzima enzi zangu za uanafunzi. Skrini ya tanuri inasoma joto la karibu na waya za kupashia, haisomi la sampuli. Ndani ya ombwe hakuna hewa ya kupeleka joto. Iliyobaki ni mionzi, pamoja na sehemu chache ambapo sampuli inagusa chombo. Na utando wetu umetengenezwa makusudi usitoe infraredi. Kisichotoa vizuri hakipokei vizuri. Mgongo wa shaba nao unang'aa. Ukipiga hesabu ya kipande cha shaba cha unene wa milimita 1, kwenye nyuzi 130 hivi kinaweza kuchelewa nyuma ya tanuri kwa nusu saa. Ukikaribia 500, kuchelewa huko kunashuka hadi dakika chache. Mimi nilianza kuhesabu muda mara tu skrini ilipoonyesha namba niliyoitaka. Kwa jaribio la saa 200 hilo si neno. Kwa jaribio la saa moja, matokeo yako hayana maana.

Halafu kuna ncha za bomba. Sampuli zangu mbili za pembeni zilitoka nzuri kuliko zote, nikaandika kwamba ni kwa sababu zina alumina nyingi zaidi. Kumbe zilikaa penye baridi.

Kwa hiyo chukua kipande kingine chenye utando uleule, bana ncha ya themokapo ya aina ya K mgongoni mwake kwa skrubu ndogo ya chuma cha pua. Gundi usitumie, inatoa gesi. Kisogeze sentimita 2 kila mara kutoka ncha hadi ncha, subiri namba itulie, andika. Tumia eneo lile tu ambalo tofauti haizidi nyuzi 5. Kazi hii inakula siku nzima, nami siikubali ripoti ambayo haina jedwali hilo.

4. Jilinde na umeme kukatika. Pampu ikisimama, hewa na hata mafuta yake hurudi kwenye sampuli ya moto. Funga vali inayojifunga yenyewe umeme unapokatika. Kwa mazingira yetu hiyo si anasa.

5. Poza. Usiruhusu hewa kabla ya themokapo ya sampuli kushuka chini ya nyuzi 100.

6. Piga hesabu. Kanuni ya kiwango cha kimataifa cha ISO 22975-3 ni PC = −Δα + 0.5Δε, isizidi 0.05. PC ni kipimo cha uchakavu wa utando, α ni sehemu ya mwanga wa jua inayofyonzwa, ε ni uwezo wa kutoa mionzi ya joto, na Δ ni badiliko; α na ε unazipata kwenye mwakisiko wa hatua ya 1. Mfano: α ikishuka kutoka 0.94 hadi 0.92, na ε ikipanda kutoka 0.08 hadi 0.12, PC ni 0.04. Umefaulu. Lakini kanuni hiyo ililenga vikusanyio vya maji ya moto. Ongezeko lilelile la 0.04 kwenye ε, utando ukiwa nyuzi 100, linapoteza wati 44 hivi kwa mita ya mraba. Ukiwa nyuzi 400, zaidi ya wati 460. Kwa mirija ya moto, ripoti ε peke yake, na uikokotoe kwa joto la kazi, si la chumba.

7. Tazama kwa hadubini. Shaba hutanuka zaidi ya mara mbili ya alumina, hivyo nyufa usizishangae. Kama ε imepanda na nyufa hazipo, shuku shaba kupenya hadi ndani ya utando, au chembe za nikeli kuungana na kuwa kubwa. Hapo peleka sampuli ikachunguzwe tabaka kwa tabaka, pamoja na kile kipande ambacho hakikuingia motoni.